Presha ya maji iko vizuri, mama

Haya. Kwa vile mshkaji wangu ameshaisambaza stori ya flati ninayouza kwenye magrupu matatu, likiwemo la ukoo wa mke wangu, na kwa vile kwenye hadithi yake eti mimi ndo nilikuwa namwogesha mama wa watu, acheni niseme mwenyewe. Sikumwogesha mtu. Mi nilikuwa koridoni. Koridoni kabisa, nimeegemea ukuta, mlango wa bafu umefungwa kwa ndani, na dalali ni shahidi. Kuna sehemu mkono wangu uliingia bafuni, hiyo nitaifikia, ila ni mkono tu.

Ile flati ya Upanga mnaijua, ghorofa ya nne, haina lifti, imekaa kwenye status yangu mwezi wa tatu huu mpaka wengine mmeniblock. Na kwa nini nauza mnajua pia: ile nyumba ninayojenga Goba imefika kwenye linta ikagoma hapohapo, sasa hivi kuna mpapai umeota pale inapotakiwa kuwa sebule na umeanza kuzaa. Dalali akaandika tangazo: vyumba vitatu kimoja masta, upepo wa bahari, maji masaa 24. Upepo wa bahari upo, ukisimama dirisha la jikoni ukafumba macho ukawa na imani. Maji masaa 24 ndo yaliyonifikisha hapa.

Mteja wenyewe ni mama mmoja mhasibu mstaafu, wa makamo ya kuheshimika, mpole, sauti ya chini, anakuita mwanangu huku anakumaliza. Siku ya kwanza kapanda ngazi zote hajahema, dalali ndo aliyekuwa anahema. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua pochi akatoa gololi. Gololi jamani, hizihizi za watoto. Akaiweka katikati ya sebule akaiachia. Tumesimama watu wazima watatu tunaangalia gololi. Ikakaa kwanza, kama inafikiria, halafu ikaanza kwenda taratiiibu, ikapita pembeni ya meza, ikaingia jikoni, ikaishia chini ya friji. Mama akatoa kaunta buku akaandika, anatamka huku anaandika, "Sakafu... inaelekea... jikoni." Dalali akasema hiyo mama inasaidia wakati wa kudeki, maji yanakwenda yenyewe. Akaandika na hilo.

Akarudi siku nyingine saa nne usiku, kuja kusikiliza majirani. Kakaa sebuleni robo saa nzima kimya, kafumba macho, nami kimya, nikajamba nikajua litaandikwa. Akarudi tena na karatasi aliyopewa na wakili wake: hati ya unit iko wapi, maana tangu sheria ya 2008 kila flati inaweza kuwa na hati yake na yeye hanunui makaratasi ya kushikizana, risiti za kodi ya pango la ardhi ziko wapi, mchango wa usafi na mlinzi umelipwa mpaka lini, na LUKU ya umeme ina deni au haina, kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021 na hataki kununua umeme akute anamlipia mtu mwingine. Nikatoa vyote. Nikajiona nimeshinda. Akauliza, "Na mkeo anajua kama unauza? Nataka ridhaa yake kwa maandishi, asije kunivamia hapa na mabegi." Akampigia hapohapo, wakaongea dakika ishirini, na kuanzia siku hiyo mke wangu anatumiwa Ijumaa Kareem na mnunuzi wangu. Mi situmiwi.

Basi mambo yanakwenda, kutoka milioni 185 tumeshashuka mpaka 172, karibu tuandikishane. Alhamisi pampu ya jengo ikaungua.

Kwa wasiojua maghorofa ya zamani: maji yanaingia kwenye tangi la chini, pampu inayapandisha juu ya paa, kila flati ina simtank yake kule, halafu yanashuka yenyewe. Pampu ikifa sisi wa juu ni jangwani. Wa chini kabisa maji yanawafikia bila pampu, kwa hiyo kila ikiungua wanakuja kwenye kikao kutupa pole na hawachangi hata mia. Huo ugomvi una miaka kuliko watoto wangu, tuuache.

Ijumaa jioni mesiji inaingia: "Mwanangu kesho saa 4 asubuhi nakuja kuoga."

Nikajua kakosea herufi. Nikajibu karibu sana mama uje uone. Akajibu: "Nimesema kuoga. Nyumba siinunui sijaiogea."

Mke wangu akasema mwambie tu pampu imekufa, mwambie wiki ijayo. Sentensi moja, ingeisha pale. Mimi nikasema ngoja nitumie akili.

Akili yenyewe ndo hii. Muuza maji wa mkokoteni, madumu kumi ya lita ishirini, buku kwa dumu, na buku nyingine kwa kila dumu kulipandisha juu, jumla elfu ishirini. Alfajiri tukamimina manane kwenye simtank yangu, mawili tukaacha ya akiba, mshkaji akakaa nayo juu ya paa na kofia yake, zamu yake ni kusikiliza tu tangi lisiishiwe. Nikapiga hesabu: lita 160, mama mmoja. Hata angekuwa tembo. Nisichokipigia hesabu, na hapa mafundi bomba mtanicheka, ni kwamba bomba la kutokea kwenye simtank halikai chini kabisa, limepanda kama vidole vinne hivi. Yale ya chini ya hapo hayatoki. Yapo tu, na tope lake la miaka yote tuliyokaa humo bila kuosha tangi. Kwa hiyo sikuwa na lita 160. Nilikuwa na lita mia hivi na dimbwi.

Saa nne kasoro dakika tano mama huyu hapa na kikapu. Nikidhani utani, akatoa kimoja kimoja akapanga kwenye kochi langu: taulo, kandambili, kipande cha sabuni kwenye mfuko wa rambo, dodoki. Ana dodoki lake! Akaniuliza, "Maji yapo?" Nami kwa kinywa changu, mbele ya dalali, nikasema presha ya maji iko vizuri, mama.

Akaingia masta. Kitasa, kah. Nikasikia shawa inafunguka, shaaaa, maji mengi, safi, nikamwangalia dalali, akaninyooshea dole gumba. Nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Nikawa nahesabu tofali za Goba kichwani.

Ndani ya dakika ya pili shawa ikiwa inaendelea nikasikia na bomba la sinki limefunguliwa. Sawa. Halafu choo, pwaaaa. Sawa, anajaribu. Halafu sauti ya upole kutoka ndani, "Mwanangu, hebu nifungulie na la jikoni nisikie kama huku linapungua."

Ningefanyaje? Ningesema hapana ya sababu gani? Nikaenda kulifungua. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikafungua bomba nikaangalia elfu ishirini yangu inaingia kwenye shimo la sinki. Na choo ndo kinajaa tena. Nikarudi koridoni natembea kama mtu anayepelekwa.

Sasa yale mabafu yanaingiza hewa kupitia tundu moja linalopanda mpaka juu ya paa, mabomba yote yamepita humo. Mtu akikohoa bafuni ghorofa ya pili sisi tunampa pole. Hilo nalijua miaka yote. Mshkaji hakujua. Yeye simu yangu ilikuwa haipokelewi, kwa sababu niliiweka sailensi kwa heshima, akaona tangi linakwisha, akaona hapa kuna tundu, akainama akapaza sauti yake yote ya Simba na Yanga:

"OYAAA! Mwambie huyo bibi afunge bomba! Tangi linakata roho huku, nimebaki na madumu mawili!"

Sauti ikashuka ghorofa zote nne. Nina hakika na wa chini wasiochanga waliipata.

Shawa ikafanya khe. Khe khe. Halafu kikabaki kimya ambacho sijawahi kukisikia Dar es Salaam. Hakuna bodaboda, hakuna kunguru. Dalali kaangalia dari. Mi nimegandana na ukuta, nasikia tone moja linadondoka mle bafuni, to. Halafu lingine, to.

Halafu sauti ya mama, haijapanda hata kidogo, anauliza juu kwenye tundu:

"Wewe ni nani huko?"

Kimya. Mshkaji wangu huyu kalelewa na bibi yake Tanga, muungwana mpaka kwenye mifupa, akili ilishamtoka lakini malezi yakabaki. Ikashuka sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja glasi:

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Hayo mawili yamimine, mwanangu. Nina sabuni machoni."

"Sawa mama."

Hapo nilikimbia jikoni kufunga bomba, nikateleza, nikaanguka kuelekea kulekule inakoelekea gololi. Juu nasikia kishindo, jamaa kamimina madumu yote mawili kwa mkupuo, kwa pupa, na lile tope lililokuwa limetulia zake tangu alfajiri likaamka lote. Shawa ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nikashukuru Mungu sekunde moja hivi.

"Haya," mama akasema mle ndani, "yana rangi."

Sikujibu. Unajibu nini? Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, niliona baadaye kwenye tailizi.

"Una maji ya kunywa?"

Yalikuwepo, kwenye friji, chupa nne za lita moja na nusu. Na hapa ndo ule mkono. Mlango ukafunguka kama upana wa kitabu, mi nimegeuzia uso ukutani, macho nimefumba, nikaingiza mkono na chupa, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, dalali ananipokeza kwa nyuma. Hiyo ndo inayoitwa na watu kumwogesha. Yalikuwa ya baridi kweli, yalilala humo usiku kucha. Mama aliyepanda ghorofa nne hajahema, aliyesikia sauti kutoka juu hajashtuka, chupa ya kwanza ilipomgusa mgongo akasema "YAILAHI!" mpaka mlinzi akauliza getini kuna nini.

Akatoka kajifunga kanga, anadondosha. Sikuweza kumtazama usoni kwa hiyo nikawa naisoma kanga, MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, wallahi sitanii. Akakaa kwenye kochi, akavaa miwani, akafungua kaunta buku. Akaandika muda mrefu sana. Hakusema kitu. Mshkaji akashuka naye, kalowa magoti, kashika madumu matupu, akaamkia mara ya pili.

Mengine ni mafupi. Nikasema yote, pampu, mkokoteni, elfu ishirini. Akauliza pampu mpya kiasi gani. Akapiga mistari. Milioni nane zikaondoka pale pale, tuko 164, na pampu nafunga mimi, na simtank naosha mimi, na wa chini nao anataka orodha yao. Nikasema nilidhani umeghairi mama, akasema pampu inanunulika. Milioni nane kwa madumu kumi, ni laki nane dumu moja, kama kuna mtu aliwahi kununua maji ghali kuliko hayo hapa mjini ajitokeze. Dalali anataka asilimia yake ileile eti kazi ilikuwa ngumu. Mke wangu alishaijua kabla sijafika chumbani, alipigiwa na nani msiniulize, amecheka mpaka leo anacheka, anapita jikoni anasema "presha iko vizuri?" anaendelea na safari yake.

Jana usiku mama kaniandikia. Jumamosi ijayo pampu ikishafungwa anakuja tena, na dada yake, wataoga wote kwa zamu. Halafu chini yake: "Yule kijana wa juu mwenye adabu, ameoa? Nina mpwa wangu."

Sijajibu. Hajaoa, na anatafuta kwelikweli, tena mnamjua anavyohangaika. Lakini kwanza afute ile mesiji kwenye grupu la wakwe zangu.