Zima, washa tena

Kuna duka la vipuri Kariakoo ambalo kompyuta yake ya mauzo lazima izimwe kila usiku wakati wa kufunga. Ikiachwa siku tatu, risiti zinaanza kusuasua, kisha skrini inaganda na wateja wamejaa kaunta. Fundi anajua chanzo: kila mauzo yanachukua nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine na hairudi. Programu imeandikwa kwa lugha ya Java, yenye mfagiaji wake wa ndani wa kusafisha kumbukumbu, lakini mfagiaji hatupi kitu ambacho programu bado imekishika, na hii imeshika kila risiti tangu asubuhi. Mwenye duka anauliza: kama kuzima kunatibu, wiki mbili za fundi kutafuta tundu, yaani mahali kumbukumbu inapovujia, nazilipia nini?

Swali lake si la kijinga. Lugha ya Erlang, iliyozaliwa Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, imejengwa juu ya wazo linalofanana na lake: kipande kikikosea kife, msimamizi wake akianzishe upya, simu za wengine ziendelee. Hata mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme kila baada ya muda, kwa kuwa kihesabio katika programu ya vidhibiti vya jenereta kingefurika baada ya siku 248 mfululizo.

Lakini kwenye Erlang msimamizi ni programu. Hapa ni kijana wa duka, na kijana huenda msibani.

Mtambo wa Patriot, wa kutungua makombora, uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, nao ulikuwa na dawa hiyohiyo. Watumiaji walishaonywa kwamba kuuacha ukifanya kazi muda mrefu sana kunauharibia shabaha; mrefu kiasi gani, hawakuambiwa. Baada ya saa 100 hivi hesabu yake ya muda ilikuwa imepotoka kwa theluthi ya sekunde. Kombora la Scud la Iraki lilipita, wakafa askari 28 wa Marekani. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Na dukani "mrefu" ni kiasi gani? Kumbukumbu haijazwi na siku, inajazwa na mauzo. Wiki ya Idi siku tatu zinaweza kuwa siku moja.

Hata hivyo, mimi tundu ningeliacha lisubiri. Kinachonitisha zaidi ni mteja aliyeshalipa kwa simu, skrini ikaganda, muuzaji akawasha na kuingiza upya: mauzo mamoja yameandikwa mara mbili, na jioni hesabu haifungi. Kila malipo yaandikwe kwa namba yake ya muamala, na namba ikirudi programu iikatae. Hiyo ni kazi ya siku mbili, ya tatu nikiongeza kipimo: kumbukumbu ikikaribia kujaa, programu imalize mauzo yaliyoko mkononi kisha ijizime na kujiwasha yenyewe, hata kama ni saa saba mchana.