Jeli isipotoa mstari, usiandike "hana"

Ukimpima nyuki wa porini kama amebeba Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu, jibu la "hana" ndilo linalodai ushahidi mwingi zaidi. Ajabu ni kwamba ndilo linaloandikwa kwa haraka zaidi. Jeli, ambayo huonyesha vipande vya DNA kama mistari, isipotoa mstari, huenda kweli bakteria hayupo. Huenda pia DNA iliharibika, chavua ilizuia PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), au ulikata kiungo kisichofaa.

Kung'oa mguu mmoja ili mwili ubaki mzima kwa makumbusho kunafaa kwa kutambua spishi. Wolbachia lakini hurithishwa kupitia mayai, na hujazana zaidi kwenye ovari. Chagua jike, kata tumbo.

Mtumbukize kwenye ethanoli ya 95% mara tu unapomkamata, na uibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Fomalini usiiguse kabisa: huifunganisha DNA na protini. Kabla ya kupasua, mwoshe kwa jiki iliyozimuliwa, kisha maji safi ya maabara. Ukiweza, toa utumbo chini ya hadubini. Chavua iliyomo ina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha PCR. Tena, ukitumia praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza PCR inakili wapi) za jumla za 16S, jeni ambayo bakteria wote wanayo, kloroplasti za chavua hiyo, zenye jeni kama hiyo, zitakupa mstari mnono usiohusiana na bakteria wa nyuki hata kidogo.

Loweka tishu usiku kucha kwenye nyuzi 56, katika mikrolita 180 za bafa ya kuyeyusha seli na 20 za proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini.

Sasa PCR yenyewe. Praima za Wspec hunakili kipande cha jozi besi 438 za jeni ya 16S ya Wolbachia. Mizunguko 30 inatosha: nyuzi 94 kwa sekunde 30, 55 kwa sekunde 45, 72 kwa dakika moja. Lakini DNA ya kichupa kilekile ipimwe pia kwa praima za COI, jeni ya mdudu mwenyewe, zinazotoa kipande cha takriban jozi 700. Msimamo wangu hapa hauna mjadala: bila mstari wa COI, hakuna "hasi", kuna jaribio lililoshindikana. COI ikikosekana, zimua DNA mara 10 urudie. Kama tatizo lilikuwa vizuizi vya chavua, mara nyingi mstari utajitokeza.

Wengine hulalamika kwamba sampuli ya kulinganishia, yaani yenye Wolbachia kwa hakika, ni ghali kuagiza. Mbona mbu wa vyoo vya shimo, Culex quinquefasciatus, kwa kawaida huwa na Wolbachia? Wolbachia ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na Hertig na Wolbach huko Marekani, kutoka kwa Culex pipiens, ndugu yake wa karibu. Saga mbu huyo, umpitishe hatua zilezile. Weka pia kichupa cha maji matupu. Maji yakitoa mstari, tupa matokeo yote ya siku hiyo. Mara nyingi chanzo ni vichupa vya PCR iliyokwisha kufunguliwa kwenye meza ya kuandalia DNA, au pipeti moja kutumika kwa kazi zote mbili.

Mstari ukitokea, usome mfuatano wa besi za DNA yake. Vilele viwili mahali pamoja kwenye grafu ya mfuatano huo vinaweza kumaanisha aina mbili za Wolbachia ndani ya nyuki mmoja. Chunguza pia kama tumboni mlikuwa na mdudu kimelea. Naye anaweza kuwa na Wolbachia yake.

Halafu idadi. Nyuki 10 wa eneo moja wakitoka hasi wote, ukitaka uhakika wa 95%, bado huwezi kukataa kwamba karibu robo ya kundi lao wana bakteria. Ukipima 30, kikomo hicho kinashuka hadi takriban 10%. Kwa hiyo andika "haikuonekana kwa nyuki 10 wa eneo hili", wala usiandike "spishi hii haina".