Mashine ilisema insha siyo yangu

Mwaka wa pili huku ughaibuni mwalimu aliniita ofisini, nakuta karatasi yangu iko mezani imepakwa njano karibu yote, programu ya kukagua imesema hii kazi ni ya AI (akili mnemba). Jamani ile insha niliikeshea siku tatu! Ila Kiingereza changu ndo kile cha darasani, sentensi zimenyooka, maneno yaleyale ya kitabuni, na kumbe ndo kinachowaponza wengi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima programu 7 za namna hiyo kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa sisi ambao siyo lugha yetu ya kwanza, zilizoandikwa na watu kabisa, kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa za mashine. OpenAI wenyewe, hao hao wa ChatGPT, waliizima programu yao ya kukagua mwaka huohuo maana ilikuwa inakosea mno.

Kilichoniokoa ni kwamba mwalimu aliifunika karatasi akasema haya, aya ya pili, kwa nini umempinga huyu mwandishi? Nikaongea kama dakika 20 hivi, jasho linanitoka, Kiingereza cha kuungaunga, akaridhika.

Sasa huku wengine wanarudi mbio kwenye kalamu na mtihani wa mdomo utadhani wamegundua kitu kipya, mi nacheka tu, nyumbani tulitoka lini huko? Msimamizi anazunguka ukumbini, vidole vinauma, unaomba karatasi ya kuongezea. Lakini na sisi tusijisifu, tulikuwa tunameza madesa usiku, asubuhi tunayatapika, mchana hukumbuki hata kichwa cha habari, na kumeza huko ndo kazi ambayo AI inatuzidi wote. Kalamu inazuia kukopi, kufikiri ni habari nyingine.

Kwa mtazamo wangu chuo kitakachobaki na maana ni kile ambacho mwalimu ana nafasi ya kukukalisha chini akakubana na "kwa nini", iwe huku au nyumbani, na hilo linataka walimu wengi, ambao vyuo vinaona ni gharama kuliko programu (ndo maana wanakimbilia programu).

Juzi mdogo wangu kanipigia, yuko mwaka wa kwanza, anauliza hivi bro kuna haja ya kuendelea kusoma wakati AI inajua kila kitu? Nikamuuliza mwalimu wenu huwa anawauliza maswali? Akacheka sana. Tuko mia nne, mwalimu mwenyewe namsikia kwenye spika tu.