Kipanga hangoji likizo

Picha zimezunguka tena kwenye vikundi vya wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU): mwewe mchanga begani, mguu mmoja umefungwa nailoni, na swali chini yake, "Nianzeje kuwinda kwa ndege huku nikisoma?" Swali ni halali. Kinachoniuma ni ile nailoni. Ndege akijirusha mara chache tu inamkata ngozi, na kwake mguu ndio silaha. Mwenye ndege wa namna hiyo aikate kamba leo, amweke kwenye boksi la giza lenye matundu na kitambaa chini, kisha ampeleke Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha UNILU.

Sasa nizungumzie saa, maana ndizo zinazomshinda mwanafunzi. Ndege wa kuwindia, awe kipanga, mwewe au kozi, hufundishwa kwa uzito. Unampima kila siku, saa ileile, kabla hajala, kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Akishiba kupita kiasi hana haja nawe: anapanda mtini na kulala huko. Akikonda mno anakufa, na kozi mdogo wa gramu 200 anaweza kumalizwa haraka na baridi ya usiku wa Juni. Baada ya kupimwa lazima arushwe, na anarushwa kwenye mwanga. Jua letu huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, likisogea kwa chini ya saa moja tu. Hatuna jioni ndefu za kiangazi cha Ulaya. Anayetoka darasani saa 11 na kupanda basi hadi mtaa wa Katuba anafika giza limeingia. Akingoja hadi Jumamosi, anamtoa ndege mzito, misuli imelegea, asiyesikia filimbi. Utasema utamrusha alfajiri. Sawa, inawezekana, ila akikupotea saa 1 asubuhi utamfuata mti kwa mti mpaka umpate, hata kama saa 2 una mtihani. Asiyeweza kuahidi hilo asimchukue.

Najua kuna Falcon College kule Zimbabwe, ambako wanafunzi wamefuga vipanga. Nakubali. Lakini hao wanalala shuleni, pori liko jirani, na wana wa kuwaongoza. Marekani pia anayeanza hukaa angalau miaka 2 chini ya mlezi, yaani mwindaji mzoefu wa kumfundisha, na banda lake hukaguliwa kabla ya kupata ndege.

Mwanafunzi aanze kwa kufuga kware, chakula cha kipanga. Sema nakukatisha tamaa ukitaka, lakini chakula ndicho nusu ya kazi. Kipanga anahitaji mnyama mzima, na mifupa na manyoya yake. Nyama tupu ya ng'ombe haina kalsiamu ya kutosha, na mifupa ya kinda hupinda. Manyoya huyatapika kama kidonge, mara nyingi asubuhi inayofuata, na kabla hajatapika usimlishe tena. Njiwa wa sokoni mwepuke: hubeba trikomonasi, kimelea kinachootesha utando wa njano kinywani mwa kipanga. Na kwa jinsi umeme unavyokatika, kware hai bandani ni salama kuliko nyama ya kwenye friji. Hukomaa kwa wiki 6 hadi 8. Asiyeweza kuwatunza kware 10 muhula mzima hajafika kwenye kipanga.

Jioni, kwa taa, jifunze fundo la mkono mmoja la kumfungia ndege: glavu mkono wa kushoto, kulia peke yake kufunga, macho yamefumbwa. Shona mikanda ya ngozi laini ya miguu yote miwili. Kijiti cha kutulia kivishe nyasi bandia, la sivyo nyayo zitaota vidonda.

Kinda la kiotoni usiliguse. Likilelewa na mtu peke yake linamwona kuwa mzazi wake, litapiga kelele na kumrarua uso. Tena karibu ndege wote hawa wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kibali kinatangulia ndege.

Jumapili nenda ukatazame kipanga mweusi kwenye mikalitusi mirefu, andika anatoka saa ngapi na anakamata nini. Siku ratiba yako itakapokuachia saa 2 za mwanga kila siku, na umepata mlezi, ndipo uombe hicho kibali.