Upande wa pili wa Johnny Mathis

Kuna ubishi mmoja unanichosha, kila nikiitaja Johnny's Greatest Hits ya Johnny Mathis, yule mwimbaji wa Marekani, lazima atokee mtu aseme ah hiyo sio albamu bwana, hayo ni makusanyo tu ya singo, yaani nyimbo zilizokwisha toka mojamoja, kampuni ilirundika vya zamani ikauza mara ya pili. Mi nakataa. Jana usiku nimezima taa nikaisikiliza yote, nyimbo 12 mwanzo mwisho, na bado nasema hii ni kati ya kazi bora za kuimba mapenzi zilizowahi kutoka Marekani.

Kwanza tuelewane kuhusu huyu kijana maana hii santuri ilipotoka Machi 1958 alikuwa na miaka 22 tu, na kwenye kampuni ya kurekodi ya Columbia alikuwa hajamaliza hata miaka mitatu. Kazaliwa Gilmer, Texas, kakulia San Francisco, baba yake akanunua piano kuukuu kwa dola 25, na alipofika miaka 13 akapata mwalimu wa sauti, Connie Cox, akawa anafundishwa halafu yeye anamsaidia mama yule kazi za nyumbani kwake kama malipo. Miaka kadhaa hivo hivo. Na alikuwa mwanariadha kweli, mruka juu, mwaka 1956 aliitwa kwenye mchujo wa timu ya Olimpiki wakati huohuo Columbia wanamtaka New York akarekodi, ikabidi achague. Albamu yake ya kwanza ilikuwa ya jazi, haikuuza sana, ndo Mitch Miller, prodyuza wa Columbia, akamvuta akamwambia imba taratibu, imba nyimbo za mapenzi.

Hapo ndo zikaja Wonderful! Wonderful!, It's Not for Me to Say, halafu Chances Are ikafika namba moja 1957. Hizi kila mtu anazijua, sina haja ya kuzipigia debe.

Mi nataka tuongelee upande wa pili. Santuri ndogo ya 45 ina nyuso mbili, wimbo unaotegemewa kuuza unawekwa upande A, ule mwingine unawekwa B uende na mwenzake, redio nyingi hazijisumbui kuugeuza. Sasa angalia. Nyuma ya Wonderful! Wonderful! palikuwa na When Sunny Gets Blue, ambao baadae waimbaji wa jazi wameuimba mpaka basi. Nyuma ya It's Not for Me to Say palikuwa na Warm and Tender, uliotungwa na Burt Bacharach na Hal David wakati dunia bado haijawajua. Na nyuma ya Chances Are palikuwa na The Twelfth of Never, ambao inasemekana mwanzoni Mathis mwenyewe hakuupenda! Nyimbo tatu za namba hiyo, zote zilikuwa zimeegeshwa nyuma ya wenzao. Haya makusanyo ndo yakazichukua yakaziweka sebuleni pamoja na zile kubwa, hakuna A hakuna B, unazisikia zote kwa heshima ileile. Hiyo ni kazi, sio kurundika.

Isikilize The Twelfth of Never kwa hedifoni. Gita linaanza polepole, sauti inaingia karibu kabisa na sikio, halafu subiri anapopanda. Waimbaji wengi wakifika juu wanaongeza nguvu, yeye anapunguza, sauti inakuwa nyembamba kama uzi, inatetemeka kidogo, unangoja ikatike, haikatiki. Anaiachia yenyewe ishuke. Mi kila mara pale nashika pumzi.

Sio zote ziko sawa, ntakuwa mkweli, Come to Me inapita tu sibaki na kitu, lakini ikiisha inafuata Wild Is the Wind na nasamehe yote. Ule wimbo ni mzito kuliko umri wake, na waliouimba baadae, hata Nina Simone, walikuta Mathis keshapita pale.

Na kuna jambo la kawaida tu ambalo watu wanalisahau, santuri ya singo inaisha baada ya dakika tatu, unainuka, unageuza, unarudi kukaa. Ukiwa na mtu wako sebuleni hizo safari za kwenda na kurudi zinachosha. LP hii, santuri kubwa yenye nyimbo nyingi, unaweka sindano mara moja upande mzima unapita, sauti ni moja, mwendo ni mmoja. Ikakaa wiki 490 kwenye chati ya albamu ya Billboard, lile jarida la muziki la Marekani, zaidi ya miaka 9, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka 1983 na bendi ya Pink Floyd.

Sisi huku ndo hatupaswi kabisa kudharau makusanyo. Mbaraka Mwinshehe alitoa singo kibao, alipofariki 1979 nyingi zilikuwa kwenye visanturi vilivyotawanyika majumbani mwa watu, na wengi wetu tumemjua kupitia zile LP za Ukumbusho zilizozikusanya. Nani atasema Ukumbusho sio albamu?

Kwa hiyo ukiipata usirukie Chances Are. Anza na When Sunny Gets Blue, sauti ndogo, usiku watu wakishalala.