Aliyeimbwa hana zamu

Hapa Mwanza, daladala za kwenda Buhongwa zikishapita Mkuyuni, konda huanza kuita vituo. Butimba anaitaja kawaida tu, kama anayehesabu chenji. Ikija Nyegezi analivuta lile jina, anatua kidogo kwenye silabi mbili za mwanzo, halafu analimalizia akimtazama msichana mwenye sare ya shule aliyebanwa mlangoni. Abiria wanacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka. Kwa asiye wa huku: jina hilo ukilikatisha mapema linabaki neno la ashki, neno ambalo mtu halitamki mbele ya wakwe. Sisi tuliokulia hapa utani huo tuliujua tangu shule ya msingi.

Kilichoutoa kwetu na kuupeleka nchi nzima ni wimbo "Mwanza" wa Rayvanny akimshirikisha Diamond Platnumz, mwaka 2018. BASATA, baraza la sanaa la taifa, ikaufungia Novemba. Desemba wakaupiga jukwaani, tena hapahapa Mwanza, na safari hii wakafungiwa wasanii wenyewe. Adhabu ikaondolewa Januari 2019. Hayo tunayajua. Wimbo wenyewe umeshazeeka. Ubishi uliofuata ndio haujazeeka, kwa sababu kila singeli mpya na kila amapiano inauamsha: huu muziki unawaharibu watoto, au tunausingizia?

Wanaosema tunausingizia wana hoja, na wanaowabeza kwa kawaida hawajazisikiliza. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam kwa sababu ilionekana unapotosha vijana. Vijana wale waliokuwa wanapotoka ndio babu na bibi wanaoziba masikio leo singeli ikipita. Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Dar. Panda gari la Kisesa, shuka, nenda makumbusho ya Bujora, uliza habari za bagalu na bagika. Vikundi hivyo viwili vya ngoma vimeshindana Usukumani tangu karne ya 19, na mashindano yao yalikuwa na dawa, mbwembwe na matusi ya wazi. Anayedhani nyimbo za wazee wetu zilikuwa zote za jembe na adabu hajawahi kutafsiriwa maneno yake.

Halafu kuna takwimu, na hapa nitakaa kidogo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wameshazaa au wana ujauzito. Utafiti wa 2022 ukakuta 22. Katikati ya miaka hiyo singeli ilitoka uswahilini ikaingia redio za taifa, simu janja zikafika hadi kwa wavuvi wa dagaa, na huo wimbo wetu ukapigwa, ukafungiwa, ukapigwa zaidi. Kama nyimbo ndizo zinazowajaza wasichana mimba, namba ingepanda. Imeshuka. Tena utafiti ule wa kwanza ulionyesha vijijini ni 32 na mijini 19, wakati kumbi, spika na vibanda vya kuwekea nyimbo kwenye flashi viko kwetu mjini.

Namba inayonirudia zaidi ni nyingine. Katika utafiti huohuo wa 2015-16, wasichana ambao hawakusoma kabisa, 52 katika 100 walikuwa wameshaanza uzazi. Waliofika sekondari, 10. Maana yake huyu wa kidato cha pili mwenye spika za masikioni kutwa nzima, anayejua kila mstari wa kila wimbo mchafu, yuko salama kuliko mwenzake anayechota maji kijijini na hajawahi kumiliki redio. Najua atakayenijibu kwamba waliopata mimba walikuwa wanafukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi, kwa hiyo shule ilikuwa inajisafisha namba zake yenyewe. Kuna ukweli ndani yake. Lakini jibu hilo halimwelezi yule ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja, na yeye ndiye yuko kwenye 52. Kinachomlinda mtoto ni dawati. Mzazi anayepekua simu ya bintiye kutafuta nyimbo, huku mahitaji ya shule hajanunua, anapekua pasipo.

Nilimsomea jirani yangu hesabu hizi. Ni mama anayekaanga sato pale stendi ya Nyegezi, na bintiye yuko kidato cha tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza samaki wake, akasema, "Mwalimu, mimi mimba sijaitaja. Mwanangu namjua. Nauliza huyu konda, makamo ya baba yake mdogo, ruhusa ya kumwambia vile kaipata wapi?"

Tangu siku ile naona pande zote mbili tulikuwa tunabishania mtoto atafanya nini baadaye, na mama huyu anazungumzia mtoto anachofanyiwa sasa. Kina mama wa aina yake ndio tunaowaita washamba, wasioelewa sanaa. Nadhani ndio wameelewa kuliko sisi na BASATA kwa pamoja.

Wimbo haukumtia konda tamaa. Tamaa alikuwa nayo. Ulichompa ni maneno, na juu ya maneno ukampa pa kujifichia. Angemwambia msichana yuleyule kitu kilekile kwa mdomo wake mkavu, bila mahadhi, nina hakika kuna mzee angemkemea kwenye lile gari, na pengine kofi lingemfikia. Akikiimba, hakisemi yeye. "Si wimbo tu?" Msichana akinuna, yeye ndiye hajui utani. Akijibu, yeye ndiye mdomo mchafu, tena na sare ya shule. Akicheka, basi kakubali. Kila mlango umefungwa kwa nje.

Na tusisahau amesimama pale kama nani. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Konda anamwona ni hasara iliyochukua nafasi ya mtu mzima. Mara nyingi amepandishwa baada ya kuachwa na magari mawili matatu. Mtu aliyepanda kwa hisani hawezi kugomba na aliyemhisani.

Nirudi Bujora, kwa sababu mfano wa bagalu na bagika tunaupenda sana sisi watetezi wa muziki, na huwa tunaukata katikati. Ni kweli walitukanana. Lakini uwanja ulijulikana, msimu ulijulikana, ni baada ya mavuno, na uliyemtukana alikuwa na manju wake, mtunzi wa nyimbo za ngoma, aliyekesha anatunga jibu. Bagalu wakikuchana leo, bagika wana zamu yao. Taarabu nayo ni hivyohivyo: anayerushiwa kijembe anainuka na noti yake, anasubiri ubeti wake, anamtunza mwimbaji huku amemkazia macho mbaya wake. Tusi lilikuwa na anwani, na anwani ilikuwa na mdomo. Msichana wa mlangoni ameimbwa na mtu asiyemjua, studio asiyoijua, na anayemfikishia ujumbe ni mtu mzima aliyeshika mlango wa kutokea.

Sheria ipo, wala si changa. Kanuni ya Adhabu, tangu mabadiliko ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana, inahesabu hata maneno kuwa udhalilishaji wa kijinsia. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi mimba. Ila hii ya pili inamsubiri mtu mwisho wa safari, na ile ya kwanza sijaona anayeipeleka kituoni kwa sababu ya mluzi na nusu ya jina la mtaa. Polisi mwenyewe angecheka.

Ndiyo maana kufungia wimbo naona kulikosea shabaha, hata kama nia ilikuwa njema. Ulitoka redioni, ukabaki kwenye flashi ya dereva, na utani ukanoga zaidi kwa sababu sasa ulikuwa umekatazwa. Msanii simdai radhi. Aliuimba mji wetu, na tulijivuna. Mji huu uliomtoa rapa Fid Q unajua tofauti ya tungo na mzaha, na una haki ya vyote viwili. Ninaowadai ni wengine. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inaweka masharti kwenye leseni za magari haya, mpaka nauli. Sioni kwa nini mdomo wa konda kwa mwanafunzi usisimamiwe kwa ukali uleule. Na ninatudai sisi abiria, maana konda anaimba kwa sababu tunacheka. Mwezi uliopita nilijaribu kutocheka, nikamwambia, "Kijana, huyo ni mwanafunzi." Akanijibu, "Mzee, kwani nimemtaja?" Gari zima likacheka upya, safari hii nikichekwa mimi.

Nilimsimulia mama wa sato. Hakushangaa. Akaniambia bintiye alishalitatua siku nyingi: akifika karibu na nyumbani hasemi anashuka Nyegezi. Anasema, "Stendi, shusha."