Darubini ya Shemeji

Bunduki yenyewe shemeji aliipata kwa bei ya mtumba, kwenye duka la silaha lililo jirani na kazini kwake hapa Minnesota. Ni ya kuvuta bolti, lile komeo la kufungia risasi, kwa mkono, ya risasi ya .30-06, ile ambayo jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1906, na ndiyo asili ya hiyo sifuri-sita. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado inaangusha kulungu na dubu bila kubembeleza. Kitako cha mti kilichochubuka kidogo, mkanda wa ngozi, basi. Mtu mwenye akili zake angeongeza maboksi kadhaa ya risasi akaenda kujifunza.

Shemeji aliigeuza mikononi kwa huruma. "Mbona imekaa uchi hivi?" akaniuliza.

Tangu hapo vifurushi havikukauka mlangoni. Kama umewahi kumwona kijana aliyenunua bodaboda jana, hajajua hata kupita kwenye mchanga lakini ameshaifunga redio, taa za rangi, manyoya na bendera ya timu yake, basi unaijua hali ya shemeji. Ilikuja miguu miwili ya kusimamishia mtutu. Ikaja triga mpya, nyepesi, ya kufyatuka ukiiwazia tu. Ikaja breki ya mdomo wa mtutu, chuma chenye matundu ubavuni kinachotupa gesi ya baruti pembeni ili bunduki isikupige teke sana; fundi akauchonga mtutu hesi ili breki ipate pa kuingia. Mwisho, ndani ya boksi ambalo dada yangu alilipokea kwa vigelegele akidhani ni blenda aliyoiomba, ikaja darubini. Inakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24.

Sasa, msitu tunaokwenda kuwinda uko kaskazini ya jimbo, na miti yake imebanana kiasi kwamba ukimwona kulungu akiwa mita 80 umebarikiwa. Kwa umbali huo darubini ya mara 24 itakuonyesha unywele mmoja mmoja, ila hutajua ni wa mnyama gani.

Nikamwambia, "Shemeji, kwa hela hizi tungepata ka-.22 ka mazoezi na risasi za mwaka mzima." Na bado nasimama hapohapo. Risasi ya .22 inauzwa kwa senti, haipigi kelele nyingi, haipigi teke, na kosa lolote unalofanya kwa kidole au pumzi utaliona kwenye karatasi. Ya .30-06 inazidi dola moja kila ukivuta triga, na kila ikilia inakufundisha kuogopa inayofuata.

"Hiyo ya watoto," akanikata. "Mimi nimepita Mafinga."

Hapo ndipo mazungumzo huishia. Shemeji alikwenda JKT, kambi ya Mafinga, kwa mujibu wa sheria, kabla mpango ule haujasitishwa mwaka 1994. Alishika SMG, akafyatua risasi chache alizohesabiwa, akarudisha maganda kwa kuhesabiwa. Lakini kila mwaka unaopita risasi zile zinaongezeka na shabaha inasogea mbali zaidi. Nilipomjua ilikuwa mita 100. Sasa imevuka mto.

Sheria ya Minnesota nayo ikamtia kiburi. Huku aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 kwa kawaida lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ndipo auziwe leseni ya kuwinda. Shemeji alizaliwa kabla. "Unaona?" akasema. "Serikali yenyewe inanitambua." Mimi niliyechelewa kuzaliwa nikakaa darasani magoti yakigonga meza, nimezungukwa na watoto wa miaka 11 na 12, tukaimba pamoja: kila bunduki ihesabu ina risasi, mdomo wake usiuelekeze kwenye kitu usichokusudia kukiua, kidole nje ya triga mpaka uwe umelenga, ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Tukafundishwa na kukaa. Kitako kizame begani, shavu lilale juu ya kitako, toa pumzi nusu, vuta triga polepole. Kwa .22, bila shaka. Nilifaulu. Binti aliyekaa pembeni yangu alifaulu zaidi, na alihakikisha nimejua.

Siku ya kwenda uwanja wa shabaha dada alitufungia chupa ya chai ya tangawizi na bakuli la vitumbua. Shemeji alivaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, ile inayowaka, ambayo sheria inawataka wawindaji waivae, hiyo au ya waridi inayowaka, msimu wa kulungu ili wasipigane risasi wao kwa wao. Msimu ulikuwa bado. Uwanjani palikuwa na karatasi tu. "Karatasi haina haraka ya kukuona," nikamwambia. Hakujibu. Alikuwa ananong'ona bismillahi kabla ya kila risasi, maana nyama ni lazima iwe halali, na mazoezi ni mazoezi.

Darubini alikuwa ameifunga mwenyewe jikoni, kwa bisibisi ya makabati. Skrubu zile zina kipimo chake cha kukazia, na kuna bisibisi maalumu inayokwambia imetosha. Ya makabati haisemi kitu. Zaidi ya hapo aliivuta darubini nyuma kabisa, karibu na uso, "ili nione vizuri bila kujipinda." Likumbukeni hilo.

Desturi ya watu wanaojua ni kuitoa bolti kwanza, ukachungulia shabaha ndani ya mtutu, kisha ukairekebisha darubini nayo itazame palepale. Halafu unaanza na yadi 25, ambako hata ukikosea utakosea ndani ya karatasi. Ukishatulia ndipo unakwenda yadi 100. Shemeji alianza na 100. Mafinga hawakuanza na 25.

Risasi ya kwanza ikalia. Breki ikafanya kazi yake sawasawa: teke likapungua, na yote yaliyokuwa yaelekee begani kwa shemeji yakaja kwangu, niliyekuwa ubavuni pake. Nilikuwa na vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, lakini meno hayana vizibo. Vumbi likasimama. Bakuli la vitumbua likasafiri hadi mwisho wa meza na kuanguka kifudifudi.

Tukatazama karatasi. Nyeupe. Akazungusha kidude cha juu cha darubini. Kila mlio mmoja wa kidude kile huhamisha risasi robo inchi kwa yadi 100, hivyo mtu huhesabu. Shemeji alizungusha kwa moyo. Akafyatua tena. Nyeupe. Akazungusha cha pembeni. Nyeupe vilevile, ungeweza kuandikia barua ya posa.

Meza ya kulia alikuwapo bibi mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya sufu na bunduki ya .243. Ni risasi ya mwaka 1955, laini begani, na ningemshauri mwindaji yeyote mpya aanze nayo. Bibi aliishusha silaha yake, akachungulia karatasi yake kwa muda mrefu, kisha akatugeukia kwa adabu. Alisema matundu yake ni ya milimita 6, yapo yote pale katikati. Ila anaona amepata na mengine makubwa zaidi, pembeni, na hayo hayakumbuki.

Ukuzaji wa mara 24, jamani, ni kutazama dunia kupitia tundu la ufunguo. Shemeji alitafuta karatasi, akaipata karatasi, akashukuru. Hakuuliza ni ya nani.

Msimamizi wa uwanja akasimamisha ufyatuaji, akaja. Baba mnene mwenye sauti ndogo, aina ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kupaza. Akaishusha darubini hadi mara 6, na mara moja dunia ikarudi, na namba za karatasi zikaonekana. Akasema breki ile inawatikisa majirani, kwa hiyo ama tuhamie meza ya mwisho kabisa ama tuifungue. Meza ya mwisho ilikuwa na mtu. Breki ikafunguliwa. Ukiitoa breki, risasi huhama mahali pa kutua, kwa hiyo ule mzunguko wote wa vidude wa asubuhi ukafutika, si kwamba ulikuwa na faida. Na teke likarudi lote, bila makato.

Kisha akamwomba shemeji amwachie yeye kupakia risasi. Akaingiza moja, akafunga bolti, akarudi nyuma, akakunja mikono. Shemeji akasoma bismillahi. Akavuta triga.

Ikalia *ti*.

Risasi ilikuwa bandia. Lakini shemeji alikuwa ameshafumba macho yote mawili, ameshatupa kichwa nyuma, na mdomo wa bunduki ulikuwa umeshaitazama ardhi. Akafumbua, akatutazama mmoja mmoja, uso umejaa nuru.

"Mmeiona hiyo?" akasema. "Hiyo imeingia katikati!"

Msimamizi hakusema neno. Alivuta bolti, akaidaka ile risasi bandia, akaiweka kwenye kiganja cha shemeji, akaondoka. Bibi wa .243 akashughulika sana na kofia yake.

"Bunduki hii ina kasoro," shemeji akaamua. "Mtumba ni mtumba." Halafu ukarimu ukamwingia ghafla. "Kuruta! Njoo ujaribu wewe."

Nikakaa. Kitako kikazama begani. Shavu likalala juu ya kitako, kama tulivyoimba darasani. Ndani ya darubini picha ilikuwa na duara jeusi pembeni.

"Shemeji, mbona kuna weusi?"

"Hiyo fremu."

Darubini ya bunduki huhitaji kama inchi 3 hadi 4 kati yake na jicho, na nafasi hiyo si ya urembo, ni njia ya kupita teke. Alivyoifunga yeye, mtu aliyelaza shavu ipasavyo alibaki na vidole viwili. Yeye haikumgusa asubuhi nzima kwa sababu hakuwahi kulaza shavu: alikaa wima, shingo nyuma, macho yamefungwa. Woga ulikuwa umempa inchi zote alizohitaji. Mimi nilikuwa na cheti.

Nikatoa pumzi nusu. Nikavuta polepole.

Nilichokisikia kwanza si mlio. Ni chuma, katikati ya nyusi. Halafu mlio, halafu sauti ya shemeji kutoka mbali, anaruka ndani ya kizibao chake: "Umepiga! Kuruta, umepiga!" Kweli, kwenye karatasi yetu palikuwa na tundu, la kwanza na la pekee, karibu kabisa na katikati. "Umepiga!"

"Nimepigwa," nikasema, damu ikiingia mdomoni.

Msimamizi akachomeka bendera ndogo ya kuonyesha chemba haina kitu, mambo ya utaratibu kwanza. Bibi akaja na vitambaa, akanibana paji la uso, akanituliza kwa maneno ya kiutu uzima. Alipoona nimeanza kuona aibu, akainua kofia yake ya sufu na kunionyesha upinde wa kovu la kwake, mweupe, mkongwe, palepale kati ya nyusi. Ile .243 haikuwa bunduki yake ya kwanza.

Kwenye zahanati muuguzi aliinua macho mara moja. "Darubini?" akauliza, kabla sijakaa. Wakanigundisha kwa gundi ya vidonda.

Dada alitupokea mlangoni. Akaniangalia mimi, akamwangalia mumewe, akaliangalia bakuli tupu. "Ningenunuliwa blenda," alisema, "haya yote yangetoka wapi?"

Haki ya mtu apewe: shemeji amebadilika. Darubini imepelekwa kwa fundi, ikasogezwa mbele na kukazwa kwa kipimo. Jioni anafanya mazoezi na bunduki tupu, bolti imekaguliwa mara mbili, risasi zimefungiwa chumba kingine. Anaweka sarafu juu ya mtutu, analenga ukuta wa zege wa chini ya nyumba, anavuta triga. Sarafu ikianguka, ameshtuka, anaanza upya. Bunduki nyingi za kisasa za aina yake hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu, na hakuna mazoezi ya bei rahisi kuliko hayo. Sarafu zinazoanguka dada anaziokota. Anachanga za blenda, na zinakwenda vizuri.

Kidonda changu nacho kilikauka kwa umbo la darubini: upinde mwembamba, wenye ncha mbili. Ijumaa nikaenda msikitini. Jamaa zetu wa huku kila mwaka hugombana kuhusu mwandamo wa mwezi. Kuna wanaofuata Saudia, kuna wanaongoja uonekane Marekani, na kuna wanaopiga simu Tanga. Nilipoinua uso tu baada ya sala, mmoja akapiga kelele, "Jamani, umeandama!" Wakaja wote kuutazama. Watoto wakauliza kama kesho ni Idi. Picha yangu ikazunguka kwenye simu hadi Columbus, Ohio, na mtu nisiyemjua akanitumia salamu za Ramadhani.

Mzee wetu mmoja, mkali wa mambo haya, hakucheka. Alinisogelea, akavaa miwani, akaukagua mwezi wangu ncha hadi ncha.

"Huu," akauliza, "umeonekana kwa macho au kwa darubini?"

"Kwa darubini, mzee."

Akavua miwani, akaikunja.

"Basi mimi siufuati."